Dada yetu hakushindwa jaribio, ni programu yenu iliyonyamaza

Goma, Novemba 2023



Kampeni ya uchaguzi ya mwaka 2023 ilianza na mji wote ulikuwa kelele. Kila kandida aliahidi kazi kwa vijana, na wengine waliongeza «na kwa walemavu» mwisho wa sentensi, kama mtu anayekumbuka chumvi wakati chakula kimeshaiva. Sisi leo tunaongea juu ya kitu ambacho hakuna kandida angekiweka kwenye bango lake: tushe za klaviye. Msicheke. Juu ya tushe nne za klaviye, dada yetu amekosa kazi, na sisi tumekasirika.

Yeye ni mwenzetu katika vuguvugu, amekuwa nasi kwenye mabarabara na kwenye mikutano tangu mwaka wa kwanza wa iniversite. Ana lisansi ya usimamizi na alama nzuri kuliko wengi wetu tunaoandika hapa. Haoni tangu utotoni, surua ilimpitia. Kwenye ordinateri anafanya kazi kwa masikio: kuna programu inayosoma ekra na kumwambia kwa sauti kila kitu kilichopo, na yeye hatumii panya hata kidogo, ni klaviye tupu. Ile sauti anaiendesha haraka mpaka sisi tunaoona hatusikii hata neno moja. Barua pepe anaandika, tablo za Excel anajaza, intaneti anatembea. Kama una shaka, njoo ukae naye dakika kumi, utatoka na haya.

Mwezi wa nane alipita jaribio la kazi kwenye shirika moja la hapa mjini. Jina tunaliacha, kwa sababu mashirika yanayofanya vile ni mengi. Kazi ilikuwa ya kuingiza fakture kwenye programu ya stoki na kasha. Aliomba mapema atumie programu yake ya kusoma ekra, wakamwitikia, wakaiweka kwenye mashini. Mpaka hapo tunashukuru. Akapewa fakture 30 alizosomewa na kuandika kwa braille siku moja kabla, na dakika 45.

Aliingiza nne.

Mukubwa wa biro akamwambia kwa upole, tena upole njo unauma zaidi: «Mama, tunakuhurumia sana, lakini hii kazi inaomba macho.»

Hapana, mukubwa. Hii kazi haiombi macho. Inaomba butoni iwe na jina. Tutaeleza, na tunaomba uvumilivu kwa wale ambao mambo ya informatiki yanawachosha, kwa sababu ubaguzi wa leo haupigi kelele. Umejificha ndani ya vitu kama hivi, na kama hatutafungua mashini na kuonyesha mahali ulipolala, tutaendelea kuambiwa ni bahati mbaya.

Programu ya kusoma ekra haina macho pia. Haiangalii picha ya ekra kama sisi. Inauliza Windows: hapa kuna nini? Windows nayo inauliza programu ya kasha: hiki kitu chako kinaitwaje? Kama aliyetengeneza programu aliandika jina, jibu linarudi na sauti inasema «butoni, hifadhi». Kama aliweka tu kapicha kadogo ka disketi bila jina, jibu linarudi tupu, na sauti inasema «butoni». Basi. Dada yetu alibonyeza Tab: butoni. Tab: butoni. Tab: butoni. Kwenye ekra moja ziko butoni tisa, zote ni picha, hakuna hata moja yenye jina. Moja inahifadhi fakture, nyingine inaifuta. Wewe ungebonyeza ipi?

Tena jumla ya fakture iko chini kabisa ya dirisha. Ili aisikie, alipaswa kubonyeza Tab mara 14, kusikia tarakimu, kisha kurudi nyuma mara 14 kuendelea na mstari unaofuata. Fanya hesabu mwenyewe kwa fakture 30. Anayeona anatupa jicho chini, nusu ya sekunde, amemaliza. Halafu wanasema yeye njo polepole.

Alipotusimulia, mara ya kwanza tulitaka tuandike tamko la kawaida: tunalaani, tunadai, na kadhalika. Ni yeye aliyetukataza. Akasema: «Matamko tuko nayo mengi. Ninyi wawili mulisoma informatiki, juu ya nini hamufungue ile programu tuone?» Tulikaa kimya kidogo. Ni kweli, tulikuwa tumesoma miaka mitano na hakuna profesa hata mmoja aliyewahi kutamka mbele yetu maneno «programu ya kusoma ekra».

Yeye anatumia NVDA. Kwa wasioijua: ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, na wote wawili hawaoni. Waliona mashini za kuongea zinauzwa bei ambayo mtu wa kawaida hawezi, wakatengeneza ya kwao na kuacha kodi yake wazi, kila mtu aisome na aibadilishe. Unaiweka kwenye kle ya USB na inatembea bila kuinstale kwenye ordinateri ya mtu. Ile nyingine inayojulikana, JAWS, nayo ilianzishwa na mtu asiyeona, Ted Henter wa Marekani, aliyekuwa mkimbiaji wa pikipiki kabla ya ajali ya gari kumpofusha. Ni chombo kizuri, hatukisemi vibaya. Lakini mwaka 2023 leseni yake ya kazi ilipita dola 1000. Kwa wasiokuwa nazo kuna ruhusa ya kujaribu: dakika 40, kisha uwashe ordinateri upya. Kuna watu hapa kwetu wamesoma iniversite yao hivyo, dakika 40 kwa dakika 40, na umeme wa Goma ukikatika katikati.

Hapa njo tunafika kwenye skripti. Hizi programu zote mbili zimetengenezwa na akili moja: zinajua kwamba kila programu ya dunia ina tabia zake, basi zinakuruhusu uandike maagizo ya programu moja tu. Kwa JAWS unaandika faili ya skripti, unaikompaili, na tushe unazipanga kwenye faili nyingine pembeni. Kwa NVDA ni faili ya Python yenye jina sawa na la programu yenyewe. Programu ikiitwa kasha.exe, faili yako inaitwa kasha.py, na NVDA inaipakia saa ile tu unapoingia kwenye ile programu. Ukitoka kwenda Word, maagizo yanalala, na zile tushe hazimsumbui mtu.

Mtu yeyote mwenye NVDA anaweza kuanza leo. Ukibonyeza tushe ya NVDA pamoja na Control na F1, inakutajia jina la programu uliyomo. Tushe ya NVDA na F1 inakufungulia daftari lenye habari zote za kitu ulichosimama juu yake: aina yake, nafasi yake, mtoto wa dirisha gani, na jina kama liko. Kwenye mstari wa jina sisi tulikuta utupu, butoni baada ya butoni. Katika mapangilio, kwenye sehemu ya mambo ya juu, kuna kisanduku cha kuruhusu kodi yako binafsi. Unakitia alama, unaweka faili yako ndani ya folda inayohusika, na kila ukibadilisha kitu unabonyeza NVDA, Control na F3 ili isomwe upya. Hakuna kompaili, hakuna leseni, hakuna kuomba ruhusa kwa mtu.

Tulikuwa watatu na yeye, pamoja na mwanasheria mmoja ambaye kazi yake ilikuwa chai. Rafiki mwenye duka alitupa nafasi kwenye mashini yake, kwa sababu anatumia programu ile ile ya kasha. Tulienda saa za usiku, alipofunga.

Usiku wa kwanza tulijisifu bure. Kila butoni ina namba ambayo Windows inaitambua nayo. Tukaandika: namba fulani ni «hifadhi», namba fulani ni «futa», namba fulani ni «mteja mpya». Sauti ikaanza kutaja majina, dada yetu akapiga makofi, tukarudi nyumbani kama mawaziri. Kesho yake tukafungua, hakuna hata jina moja lililosikika. Kumbe kwa programu za aina ile namba zinabadilika kila ukiifungua! Tukaanza upya, sasa tukitambua butoni kwa nafasi yake ndani ya dirisha: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikakubali.

Usiku wa pili tukapanga tushe. Hapa njo tulijifunza kunyamaza, maana sisi tulikuwa na mawazo mengi mazuri na hakuna hata moja alilolihitaji. Tulitaka kumpa tushe 20. Akasema nne zinatosha, nyingi nitazisahau: moja isome jumla bila kuondoka kwenye mstari alipo, moja isome jina la mteja, moja imrudishe kwenye kisanduku cha kodi ya bidhaa, na moja isome stoki iliyobaki. Tukachagua herufi zilizo karibu na vidole vyake. Mstari wa tarakimu tuliukwepa, kwa sababu kwenye klaviye zetu za Kifaransa tarakimu zinaomba Maj, wakati mafunzo mengi ya intaneti yameandikwa kwa klaviye za Waingereza, ukiyafuata bila kufikiri unapotea. Faili nzima haikufika mistari 60. Tunasema hivyo ili mujue ukubwa wa ukuta uliomzuia mtu kupata mshahara: mistari 60, na mingi ni ya majina tu.

Tukampa fakture 30 zile zile. Dakika 31. Mwenye duka, ambaye anaona na ametumia programu hiyo miaka mitatu, alijaribu pia kwa kiburi. Dakika 28. Tofauti njo hiyo, dakika tatu, na ilikuwa siku yake ya pili.

Tuliandika barua kwa lile shirika. Kwa heshima, na muhuri wote. Tuliomba apewe jaribio la pili na kle yake ya USB, yenye NVDA na ile faili ndani. Baada ya wiki mbili jibu lilikuja kwa simu, si kwa barua: kle za watu wa nje haziruhusiwi, zinaleta virusi, na tena nafasi imeshachukuliwa. Tulisema tuwatumie faili waisome wenyewe kwanza, ni maandishi tu, mtu wao wa informatiki ataielewa kwa dakika tano. Wakasema watatupigia.

Simu bado tunaingoja.

Sasa, tunajua maneno ambayo watu watatuandikia, kwa sababu wengine wameshatuambia usoni. La kwanza: «Mwaka 2023 Kanyaruchinya watu walikuwa wanalala chini ya mabati na mahema, vita ilikuwa mlangoni, na ninyi mlikuwa mnaongea juu ya tushe?» Tunaijua Kanyaruchinya, tumepeleka maji kule na vidumu kichwani. Lakini tuulize: katika yale mahema hakukuwa na wasioona? Hakukuwa na kijana aliyekimbia Rutshuru na diplome yake ndani ya mfuko wa plastiki, ambaye macho yake au mkono wake umeenda na bomu? Vita inatengeneza walemavu kila wiki. Siku watakapoomba kazi, watakutana na butoni zile zile. Anayesema tungoje vita iishe, tangu tumezaliwa anatuambia tungoje. Tungengoja, tusingesoma hata chekechea.

La pili: «Watu wasioona wanahitaji fimbo nyeupe na unga, si Python.» Huyu anapenda mlemavu wa kupokea. Mlemavu wa kupigwa picha akipokea. Tumeona semina za siku tatu kwenye hoteli, bango kubwa ukutani, tisheti, sambusa, na mwisho wa semina kila mtu anapewa cheti na leseni ya programu ya kusoma ekra ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, leseni inakufa, na mradi umeshaenda jimbo lingine. Hakuna semina hata moja kati ya zile tulizoziona iliyomfundisha mtu kuandika skripti yake mwenyewe. Tunaelewa: mtu akijua kujitengenezea, kesho hakurudii na bahasha ya kuomba.

La tatu ni la mafundi wenzetu, na hili linatuuma kwa sababu tunawajua kwa majina. Ninyi munaotengeneza hizi programu za kasha, za shule, za hospitali, za mashirika ya akiba. Muko wadogo kama sisi, mumesoma pale pale, tunawaheshimu kwa kuwa mumejitafutia kazi bila kungoja Leta. Lakini mkiambiwa juu ya watu wasioona munajibu: «Sina mteja asiyeona.» Utampata wapi, umemfungia mlango! Tena katika vyombo munavyotumia, kila butoni ina sehemu ya kuandika jina lake la kusomwa kwa sauti. Katika .NET inaitwa AccessibleName, iko pale kwenye orodha ya sifa, munaipita kila siku mukienda kubadilisha rangi. Neno moja kwa kila butoni. Butoni tisa, maneno tisa. Kisha hakikisha kila kitu kinafikiwa kwa Tab na kwa mpangilio wenye akili. Jioni moja ya kazi, na hata wale wanaoona wataenda haraka zaidi, muulize mfanyakazi yeyote wa kasha kama anapenda panya.

Hapa tukubali jambo, maana ndani ya vuguvugu hatukukubaliana. Wamoja walisema: sasa tuko na dawa, tuandike skripti kwa kila programu ya Goma, tumalize. Wengine, na dada yetu akiwa wa kwanza, walisema hiyo ni hatari. Kumbuka sisi tulitambua butoni kwa nafasi. Siku fundi atakapoongeza butoni moja katikati, majina yote yatasogea hatua moja. Dada yetu atasikia «hifadhi», atabonyeza, na fakture itafutika. Sauti itakuwa imemdanganya, na ni sisi tuliomwandikia uongo. Nani atalipa? Yeye, kwa kazi yake. Tena kila mwaka toleo la kwanza la NVDA linaweza kubadilisha mambo ya ndani, na skripti ya mwaka jana ikagoma mpaka mtu aiguse. Mtu gani? Sisi hatulipwi, kesho mmoja wetu atapata kazi Bunia au Kampala na kuondoka, na dada yetu atabaki na faili isiyo na baba.

Kwa hiyo skripti ni kiraka. Ukweli lazima usemwe. Inamfaa mtu leo, kwenye programu ambayo fundi wake amekufa, amehama, au hataki kusikia. Lakini mwenye biro akituambia «si munajua kuandika skripti, basi mumalize wenyewe», anatupa deni lake. Siku hizi tunajua hiyo mbinu: barabara ikiharibika, vijana wafanye salongo, mfereji ukiziba, vijana wafanye salongo, na sasa programu ikiwa bubu, vijana waandike Python. Tutafanya, maana dada yetu lazima ale. Lakini deni tunaliandika kitabuni.

Na deni hilo liko kwenye karatasi za Leta yenyewe, hatujalitunga. Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Kifungu cha 49 kinamtaja mtu mwenye ulemavu kwa jina na kumpa haki ya kulindwa kwa hatua za pekee. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja wazi vyombo vya habari na mawasiliano, na cha 27 kinaomba mahali pa kazi pageuzwe kadiri inavyofaa ili mtu aweze kufanya kazi. Tangu 2019 tuko hata na waziri wa jambo hilo. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu, namba 22/003. Karatasi ziko, tena nzuri. Dada yetu amezisoma zote kwa sauti ya NVDA, na zile zilizotolewa kama picha za skana alishindwa, kwa sababu picha ya karatasi kwa programu ya kusoma ekra ni ukuta mweupe. Fikiria kidogo. Karatasi inayosema una haki ya kusoma, na wewe huwezi kuisoma.

Tunadai basi, na tunadai kwa watu wenye majina ya kazi.

Kwa wizara na kwa jimbo: hakuna programu tena inunuliwe kwa pesa ya raia kama haiwezi kutumiwa kwa klaviye peke yake na kama butoni zake hazina majina. Iandikwe ndani ya masharti ya soko, mstari mmoja, na siku ya kupokea programu aitwe mtu asiyeona aijaribu, alipwe kwa hiyo kazi, tena alipwe kama mtaalamu, si kupewa soda na pesa ya usafiri. Hali ya dharura ya kijeshi mulisema ni kwa ajili ya usalama, na ilitukataza kutembea barabarani. Haikukataza kuandika mstari huo.

Kwa mashirika na maduka makubwa yanayopitisha majaribio ya kazi: mtu akija na programu yake kwenye kle, mpeni mashini mapema aipange, hata siku moja kabla. Virusi vinatafutwa kwa dakika mbili na antivirusi munayo. Musitumie neno usalama kumfukuza mtu.

Kwa walimu wetu wa informatiki: saa mbili tu kwa mwaka. Zima ekra, mpe mwanafunzi vichwa vya sauti, mwambie ajaze fomu aliyoitengeneza mwenyewe. Hatasahau.

Kwa mafundi tuliowasema hapo juu: tumeandika orodha ya butoni zisizo na majina katika programu tatu zinazotumiwa sana mjini, dirisha kwa dirisha, pamoja na majina tunayopendekeza. Hatutaitoa hadharani kwa sasa. Tutawaletea mkononi, na tutakaa nanyi kuirekebisha bila kuomba franga. Mkitufukuza, hapo tutaitoa.

Na kwa ninyi wasioona wa Goma, wa Karisimbi na wa Nyiragongo, muliopo majumbani na diplome zenu kama sisi: kila Jumamosi baada ya saa nane tunakaa na ordinateri mbili na betri moja. Leteni programu inayowasumbua, au leteni jina lake tu. Hamuhitaji kujua Python. Wale wenye haraka watajua kwanza jinsi ya kubadilisha tushe za NVDA bila kuandika chochote, kwenye menyu yake iko, na mara nyingi hiyo inatosha. Wanaotaka kuandika watajifunza kuandika. Faili tunagawana kwa kle na Bluetooth, hatuna pesa ya mega za kupoteza. Sasa ni dada yetu anayefundisha, sisi tunashika betri na mwanasheria bado anapika chai.

Faili ya programu ya kasha iko tayari kwa yeyote anayeihitaji, ila aje kwanza atuonyeshe ni toleo gani analo, tuhesabu butoni pamoja kabla hajabonyeza kitu.

Lile shirika nalo, kama linasoma hapa: namba ya simu ya dada yetu munayo. Bado ni ile ile.